Namna ya Kupinga Makato ya Mwenye Nyumba kwenye Amana ya Pango

Amana, au dipoziti kama wengi wanavyoiita, ni pesa ya mpangaji iliyo mikononi mwa mwenye nyumba. Anaishika ili mpangaji akihama na kuacha deni au uharibifu, apate pa kujilipia. Kila senti anayoikata anapaswa kuieleza: imekatwa kwa nini, gharama ilikuwa kiasi gani, na kwa nini uilipe wewe.

Wapangaji wengi wenye haki hupoteza pesa kwa sababu wanabishana kwa jumla. Mmoja anasema "umenidhulumu", mwingine anajibu "umeniharibia nyumba", simu inakatwa na mambo yanaishia hapo. Anayeshinda ni yule anayeuvunja ugomvi vipande vipande, kato moja baada ya jingine, kila moja likiwa na karatasi yake na hesabu yake. Hatua zifuatazo zinalenga hilo.

Hatua ya 1: Soma mkataba, kisha tafuta siku za kisheria

Kwenye mkataba tafuta vifungu vinne: kiasi cha amana, siku za kuirudisha, mambo yanayoruhusiwa kukatwa, na hali ambayo nyumba inapaswa kuwa nayo unapohama. Soma maneno yenyewe, usisome unachokumbuka. Kifungu kinachosema nyumba irudishwe "ikiwa safi" hakisemi ipakwe rangi upya. Kinachosema mpangaji atalipia "uharibifu" hakimtozi kwa kitu kilichochakaa kwa kutumika.

Kisha tafuta sheria ya mahali nyumba ilipo, maana mara nyingi mkataba hauwezi kumpa mwenye nyumba kile ambacho sheria imemnyima. Tofauti ni kubwa. California inampa mwenye nyumba siku 21 tangu mpangaji ahame, awe amerudisha amana pamoja na orodha ya makato. Akiizuia kwa nia mbaya, mahakama inaweza kumwamuru alipe fidia ya hadi mara mbili ya amana, mbali na amana yenyewe. Ufaransa ni mwezi mmoja ikiwa hali ya nyumba wakati wa kutoka inalingana na ya kuingia, na miezi miwili ikiwa kuna tofauti. Kila mwezi wa kuchelewa unaoanza humwongezea deni la asilimia 10 ya kodi ya mwezi. England inataka amana za upangaji wa kawaida wa makazi zisajiliwe katika mpango ulioidhinishwa wa kulinda amana ndani ya siku 30, na asiyefanya hivyo anaweza kuamriwa kumlipa mpangaji kati ya mara moja na mara tatu ya amana. Ujerumani haimruhusu kudai amana inayozidi kodi ya miezi mitatu.

Kuna mahali ambapo sheria haitaji siku yoyote, au inasema tu "muda unaofaa". Hapo unafuata mkataba. Nao ukinyamaza, tarehe utaiweka wewe katika barua ya madai.

Jambo dogo linalowaponza wengi ni kuhama bila kuacha anwani. Zipo sheria zinazomwondolea mwenye nyumba adhabu ya kuchelewa ikiwa hakuambiwa pa kupeleka pesa. Siku ya kukabidhi funguo mwandikie anwani yako mpya na namba ya akaunti ya kupokelea, ubaki na nakala.

Usikae mwezi wa mwisho bila kulipa kodi ukisema "ujilipe kwenye amana" kama hamjakubaliana hivyo kwa maandishi. Unamgeuza kuwa mdai, na deni la kodi ni kato jepesi kuliko yote kulithibitisha.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi kabla hujaandika neno

Fungua folda moja, uweke humo:

- Mkataba na nyongeza zake zote.
- Risiti au muamala wa benki unaoonyesha ulilipa amana, na stakabadhi za kodi hadi mwezi wa mwisho.
- Hati ya makabidhiano ya kuingia na ya kutoka, au orodha yoyote ya hali ya nyumba iliyosainiwa.
- Picha na video za siku ya kuingia na ya kutoka.
- Usomaji wa mita za maji na umeme siku ya kutoka.
- Ujumbe wote wa kuomba matengenezo, hata ule ambao haukujibiwa. Huo ambao haukujibiwa una thamani zaidi.
- Uthibitisho wa kurudisha funguo, pamoja na idadi yake.

Picha zina mitego yake. Faili asili ya picha ya simu hubeba ndani yake tarehe na saa iliyopigwa. Ukiituma kama picha kwa WhatsApp inabanwa na taarifa hizo zinafutika. Hifadhi faili asili, ukilazimika kuituma itume kama waraka. Siku hiyohiyo jitumie kwa barua pepe, upate tarehe nyingine isiyotegemea simu yako. Piga kwanza picha ya chumba kizima, kisha ya sehemu husika kwa karibu, ukiweka kitu cha kuonyesha ukubwa, kama rula au sarafu. Alama ya sentimita mbili ikipigwa kwa karibu bila kipimo huonekana kama shimo la kupitisha kichwa.

Kabla ya kubadilisha simu, hamisha mazungumzo yako na mwenye nyumba au wakala kuwa faili. Picha za skrini zinafaa pia, ila hakikisha zinaonyesha namba, tarehe na ujumbe wa juu na wa chini yake, usije ukaambiwa umechomoa sentensi moja.

Chanzo kingine wengi hawakifikirii: tangazo la nyumba. Tangazo lililokuvuta wewe linaonyesha nyumba ilivyokuwa kabla hujaingia. Na tangazo la kumtafuta mpangaji anayekufuata linaweza kuonyesha zulia lilelile ambalo umekatwa pesa za kulibadilisha. Lihifadhi pamoja na tarehe kabla halijaondolewa.

Kama hukupiga picha ulipoingia, usikate tamaa. Palipo na kanuni kwamba mwenye kukata ndiye anayethibitisha, yeye pia anahitaji ushahidi wa hali ya mwanzo, na mara nyingi hana. Asiye na rekodi ya kuingia hawezi kuthibitisha kwamba doa lilitokea wakati wako.

Hatua ya 3: Dai mchanganuo wa maandishi

Akikwambia "imebaki kidogo, nyingine imeenda kwenye ukarabati", usianze kubishana kuhusu ukarabati. Omba mchanganuo. Ujumbe mfupi wenye adabu unatosha:

"Habari za leo. Nimepokea 90,000 kati ya amana yangu ya 600,000. Naomba mchanganuo wa makato kwa maandishi: kila kitu kilichokatwa, kiasi chake, risiti au ankara, na picha zinazoonyesha uharibifu. Naomba niupate ndani ya siku saba. Kiasi nilichopokea nakichukua kama sehemu ya amana, sijakubali makato yaliyobaki."

Sentensi ya mwisho ni ya lazima. Kuna mahali ambapo kupokea pesa zilizoandikwa "malipo kamili na ya mwisho" huweza kuchukuliwa kuwa umeridhika. Ukiletewa karatasi ya kusaini ili upewe sehemu ya amana, isome kwanza. Ikisema huna dai lolote tena, ama usisaini, ama ikatwe sentensi hiyo na wote wawili muweke sahihi kando ya mkato.

Hakikisha pia unamwandikia mtu sahihi. Mkataba unamtaja nani kama mpangishaji? Wakala anaweza kuwa mshika pesa tu, na mwenye nyumba akawa ndiye mdaiwa kisheria. Nyumba ikiwa imeuzwa katikati ya upangaji wako, waandikie mwenye nyumba wa zamani na mpya pamoja. Kila mmoja atapenda kukuelekeza kwa mwenzake. Na kama mkataba una majina ya wapangaji wawili au zaidi, wote wasaini madai, au mmoja apewe ruhusa ya maandishi. La sivyo utaambiwa pesa alishalipwa mwenzako.

Hatua ya 4: Pima kila kato

Kila kato liulize: je, mkataba au sheria inaruhusu kukatwa kitu cha namna hii? Hali ilikuwaje mwanzoni? Ni uharibifu au ni uchakavu wa kawaida? Gharama ni halisi? Na kitu chenyewe kilikuwa na umri gani? Likishindwa swali la kwanza, huna haja ya kwenda la pili.

Swali la uchakavu ndilo linalozaa ugomvi mwingi, kwa hiyo tulikalie.

Uchakavu wa kawaida ni ule unaotokea hata kwa mpangaji mwangalifu, kwa sababu nyumba inakaliwa na siku zinapita. Rangi kupauka upande wa dirisha, zulia kulala palipo na njia ya kupita, alama za miguu ya kitanda, bawaba kulegea, koki kuanza kudondosha kwa sababu mpira wake umeisha, kitasa kukwama kwa uzee: hayo ni ya mwenye nyumba. Uharibifu unatokana na tukio au uzembe: kioo kilichovunjika, alama ya pasi kwenye zulia, mlango uliotobolewa, mkojo wa mnyama uliopenya sakafuni, kitu kilichokuwepo ambacho sasa hakipo.

Katikati kuna vitu vinavyotegemea kiasi. Matundu machache ya misumari midogo ya picha huchukuliwa na waamuzi wengi kuwa matumizi ya kawaida. Matundu ya skrubu za kufungia televisheni, yaliyobomoa plasta ukutani, si hivyo, hasa kama mkataba ulikataza kutoboa. Doa moja hafifu ni uchakavu. Ukuta mzima uliochorwa kalamu ni uharibifu. Muda nao una neno lake: kile ambacho ni uharibifu baada ya miezi mitatu kinaweza kuwa uchakavu baada ya miaka sita, na familia ya watu watano huchakaza zaidi ya mtu mmoja. Mwenye nyumba aliyewapangisha watu watano alilijua hilo.

Ukungu unastahili aya yake, kwa kuwa kila upande huona mwingine ndiye wa kulaumiwa. Angalia ulipoota. Ukungu ulioanzia chini ya ukuta na kupanda, au uliozunguka doa la maji kwenye dari, kwa kawaida hutokana na unyevu unaoingia kutoka ardhini, kwenye paa au kwenye bomba. Hilo ni la jengo. Ule wa madoadoa meusi kwenye pembe za ukuta wa nje, nyuma ya kabati na kuzunguka fremu za dirisha mara nyingi ni wa mvuke wa ndani ulioganda kwenye ukuta wa baridi. Huo unaweza kuwa wako kama ulikuwa unaanika nguo ndani madirisha yakiwa yamefungwa, au wa mwenye nyumba kama feni ya kutoa hewa ilikuwa mbovu au dirisha halifunguki. Kinachoamua mara nyingi ni ujumbe wako wa kutoa taarifa. Aliyeripoti mapema na akapuuzwa ana nguvu. Aliyeona bomba linavuja akanyamaza miezi minane anaweza kubebeshwa gharama ya uharibifu ulioongezeka, hata kama bomba si lake.

Usafi unapimwa kwa hali ya mwanzo, haupimwi kwa ndoto ya mwenye nyumba. Nyumba uliyoikuta na vumbi na mafuta jikoni huwezi kudaiwa uirudishe ikimetameta. Ila ukiikuta imesafishwa na mafundi wa usafi, na hati ya makabidhiano inasema hivyo, rudisha kiwango hichohicho. Sehemu zinazokatwa zaidi ni ndani ya oveni, nyuma ya jiko, mpira wa mlango wa friji, kingo za bafu na reli za madirisha. Mwenye nyumba mtafuta makosa huanzia hapo.

Gharama nazo zichunguze. Makadirio yanaonyesha bei ya kazi, hayathibitishi kwamba kazi ilifanyika. Ankara iliyoandikwa "ukarabati mbalimbali" haielezi kitu. Dai ioneshe chumba, kazi na vifaa. Kama mwenye nyumba alifanya kazi mwenyewe, anaweza kudai malipo ya saa alizotumia kwa kiwango cha kawaida cha fundi, lakini aeleze alifanya nini na kwa muda gani. Vitu kama "gharama za usimamizi", "usumbufu" au "ada ya ukaguzi" vitafutie kifungu chake kwenye mkataba. Mara nyingi hakipo, na hata kikiwepo sheria inaweza kukikataa.

Hatua ya 5: Fanya hesabu ya umri wa kitu

Hapa ndipo pesa nyingi hurudi. Mwenye nyumba hapaswi kutoka akiwa na kitu bora kuliko alichokuwa nacho. Zulia la miaka saba likiungua, alichopoteza ni zulia la miaka saba. Hesabu inayotumika sana ni hii:

gharama ya kubadilisha × (miaka iliyobaki ÷ miaka ya maisha ya kitu)

Na kabla ya kuifanya, punguza gharama ibaki ya sehemu iliyoharibika tu. Kama kitu kinaweza kutengenezwa kwa bei ndogo kuliko kubadilishwa, tumia bei ya kutengeneza.

Miaka ya maisha si sheria ya mbinguni. Inategemea ubora wa kitu na matumizi yake, na baadhi ya nchi zina majedwali yake. Jedwali la mahali penu likiwepo, litumie. Lisipokuwepo, tumia dhamana ya mtengenezaji au maelezo ya fundi, na uandike ulipoitoa namba yako.

Tuchukue mfano mzima; tarakimu ni za sarafu yoyote. Amana 600,000, umekaa miaka mitatu, umerudishiwa 90,000. Makato ni 510,000:

- Kupaka rangi nyumba nzima: 180,000
- Zulia la vyumba viwili: 150,000
- Usafi: 60,000
- Kubadilisha kitasa: 40,000
- Bili ya maji: 30,000
- Gharama za usimamizi: 50,000

Rangi. Nyumba ina kuta 12, iliyochorwa na mtoto ni moja. Ukuta mmoja ni 180,000 ÷ 12 = 15,000. Rangi ilipigwa mwaka mmoja kabla hujaingia, kwa hiyo ina miaka minne; tukichukua maisha yake ni miaka mitano, umebaki mmoja. 15,000 × 1/5 = 3,000.

Zulia. Vyumba ni viwili vya ukubwa sawa, alama ya pasi iko kwenye kimoja: 75,000. Zulia lina miaka minne kati ya minane. 75,000 × 4/8 = 37,500. Atasema rangi za vyumba viwili hazitafanana tena. Ni hoja ya kweli, lakini kwa kawaida huongeza fidia kidogo tu. Haikulazimishi kununua zulia la chumba ambacho hukukigusa.

Usafi. Ankara inataja sehemu nne, kila moja 15,000, na picha zako zinaonyesha iliyochafuka ni jiko. Unakubali 15,000.

Kitasa. Ulirudisha ufunguo mmoja kati ya miwili. Kubadilisha kitasa kwa sababu za usalama ni haki yake. Kubali 40,000 yote. Anayekubali palipo wazi huaminiwa zaidi anapokataa pengine.

Maji. Bili ya 30,000 ni ya uniti 15, mita ikitoka 812 hadi 827. Picha yako ya siku ya kutoka inasoma 818. Ulitumia uniti 6, kwa hiyo 30,000 × 6/15 = 12,000.

Usimamizi. Hakuna kifungu. Sifuri.

Jumla unayokubali ni 107,500. Ulipaswa kurudishiwa 492,500; ulishapata 90,000, kwa hiyo unadai 402,500. Sasa una namba moja yenye miguu, na ndiyo utakayoishikilia hadi mwisho.

Hatua ya 6: Andika barua ya madai

Barua iwe ya ukurasa mmoja, jedwali na vielelezo vifuate nyuma. Usiandike historia ya maisha yenu ya ujirani. Mfano:

"YAH: MADAI YA KUREJESHEWA SEHEMU YA AMANA YA PANGO

Rejea mkataba wetu wa tarehe ..., kuhusu nyumba iliyopo ... Nililipa amana ya 600,000 (Kielelezo A) na kukabidhi nyumba na funguo tarehe ... (Kielelezo B). Umerudisha 90,000 na kukata 510,000.

Nimepitia mchanganuo wako. Ninakubali makato ya 107,500. Yaliyobaki siyakubali kwa sababu zilizoelezwa katika jedwali lililoambatanishwa.

Naomba unilipe 402,500 kabla ya tarehe ..., kupitia akaunti ... Baada ya tarehe hiyo nitawasilisha madai katika chombo husika bila taarifa nyingine, na nitaomba gharama za kufungua shauri.

Niko tayari kukutana nawe au kupokea risiti na picha zozote ambazo sijaziona."

Muda wa siku 14 unafaa mara nyingi, isipokuwa sheria ya mahali penu imeweka mwingine. Taja tarehe yenyewe, usiandike "wiki mbili zijazo". Itume kwa njia inayoacha alama: barua pepe, rejesta ya posta, au mkononi huku akisaini nakala yako.

Usitishie kumchafua mtandaoni, kumripoti polisi au kumkorofishia mpangaji mpya. Tishio la namna hiyo litasomwa mbele ya mwamuzi, na linaweza kukuletea kesi nyingine. Kushikilia funguo hadi ulipwe ni kosa la aina hiyohiyo: siku za kodi zinaendelea kuhesabika, na deni linakuwa lako.

Hatua ya 7: Jadiliana ukiwa na kikomo

Baada ya barua simu huwa inaita. Usipokee mazungumzo ya bei bila kujua kikomo chako. Kipate kwa kuyagawa madai mafungu mawili: yale ambayo ushahidi wako ni thabiti (hapo juu, usimamizi, maji na kuta 11 ambazo hazikuguswa) na yale yanayotegemea maoni ya mwamuzi, kama maisha ya zulia. Fungu la kwanza usilishushe. La pili linaweza kupunguzwa kwa ajili ya kumaliza mapema, kwani kwenda mbele ya mwamuzi kunakula ada, nauli na siku za kazi.

Mkielewana kwa simu, tuma ujumbe palepale: "Kama tulivyokubaliana leo, utanilipa kiasi fulani kabla ya tarehe fulani, na hapo madai ya pande zote mbili kuhusu upangaji huu yatakuwa yameisha." Maneno "pande zote mbili" yanazuia asizushe kato jipya mwezi ujao. Na mwisho wa madai ufungwe kwenye malipo kuingia, usifungwe kwenye ahadi.

Hatua ya 8: Peleka mbele

Anza na njia nyepesi iliyopo. Kama amana ilisajiliwa katika mpango rasmi, huo huwa na utaratibu wake wa usuluhishi, nao huamua kwa karatasi tu: kisichowasilishwa hakipo, na mara nyingi hakuna nafasi ya pili ya kuongeza. Pengine kuna baraza la nyumba, na pengine mahakama ya madai madogo, ambako si lazima uwe na wakili.

Kabla ya kufungua, kagua mambo mawili. La kwanza ni ukomo wa muda wa kudai. La pili ni madai kinzani: je, kuna uharibifu ambao hakuukata lakini anaweza kuukumbuka ukimshtaki? Amana si dari ya anachoweza kudai. Kama uliacha mlango umevunjika na yeye hakuutaja, pima vizuri.

Andaa seti tatu za vielelezo zenye kurasa zilizopewa namba: yako, yake na ya mwamuzi. Ukurasa wa kwanza uwe mfululizo wa tarehe, wa pili uwe jedwali la makato lenye safu tano: kato, alichokata, unachokubali, sababu, ukurasa wa kielelezo. Chapisha picha kwa rangi, mbili kwa ukurasa, ya kuingia juu na ya kutoka chini, za pembe ileile. Simu isitegemewe, chaji huisha na skrini ni ndogo.

Ukiulizwa, jibu swali kisha taja ukurasa. Mwenye nyumba akileta risiti mpya siku hiyo, omba muda wa kuisoma na uangalie tarehe yake na jina la nyumba. Risiti ya rangi iliyonunuliwa kabla hujahama ni kitu kinachotokea, na mwamuzi atapenda kukiona.

Ukishinda na asilipe, hukumu haijilipi. Mwandikie kwanza kumkumbusha kiasi na tarehe, kisha omba kukazia hukumu, yaani alazimishwe kulipa, kwa taratibu za mahakama hiyo, ukiwa na namba ya akaunti yake kutoka kwenye miamala yako ya kodi. Taarifa hiyo ndiyo hukosekana mara nyingi hatua hii inapofika. Folda usiifute hadi pesa ziingie na muda wa kukata rufaa upite.